Mwongozo kamili wa kuzuia meno kutoboka na fizi kuvuja damu kwa vijana (miaka 11 mpaka 19)

Kabla hujaendelea kusoma nenda kwenye kioo. Washa tochi ya simu, vuta mdomo wa chini kwa kidole, halafu kwa ukucha ulio safi kwangua taratibu pale jino linapokutana na fizi, hasa kule nyuma kwenye magego. Angalia kilichobaki kwenye ukucha. Ukiona kitu cheupe au cha njano, kilaini kama siagi, huo ndo ukoga, na watu wengi wanadhani ni mabaki ya chakula kumbe ni bakteria walio hai, mamilioni kwa mamilioni, wamejigandisha kwenye jino. Usinuse. Haya nusa tu, utaelewa kwa nini nimekaa kuandika yote haya.

Karibu kila kitu hapa chini kinahusu huo ukoga. Ukilishwa sukari unatoa asidi inayotoboa jino, ukiachwa ukae kwenye ukingo wa fizi unafanya fizi zivimbe. Adui ni mmoja ila ana kazi mbili.

Mzazi ukipita hapa, usimsomee mtoto kama hotuba. Mpe simu asome mwenyewe.

Kwa nini rika hili hasa

Ukiwa na miaka 7 mama anasimama mlangoni anasema fungua mdomo nione. Ukifika 13 nani anakuangalia? Na hapohapo ndo magego ya pili yanaota, kwenye miaka 11 hadi 13, nyuma kabisa, tena kimyakimya maana hamna jino la utoto linalong'oka kuyapisha, kwa hiyo wengi hata hawajui wamepata meno mapya. Jino likishatokeza, enameli yake, yaani lile ganda gumu la nje, bado changa, linaendelea kukomaa kwa madini yanayotoka kwenye mate kwa miaka kadhaa, na kwenye uso wake wa kutafunia kuna mifereji mingine myembamba kiasi kwamba hata unyuzi wa mswaki hauingii.

Halafu kuna homoni za balehe. Hizi zinafanya fizi ziwe na hasira, ukoga uleule ambao ukiwa na miaka 9 fizi zilikuwa zinauvumilia, sasa hivi zinavimba na kuvuja damu. Wasichana wengine wanaona hali inazidi siku chache kabla ya hedhi. Homoni peke yake hazileti ugonjwa lakini, ukoga usipokuwepo hamna cha kukasirikia.

Mimi gego langu la pili la chini kushoto lilitoboka nikiwa na 15. Asubuhi nilikuwa napiga mswaki tena kwa nguvu kama nasugua sufuria, ila usiku nilikuwa nadondoka tu kitandani, na mchana nilikuwa natembea na chupa ya soda nakunywa funda moja, naifunga, baada ya nusu saa funda lingine. Nilijiona mjanja, chupa moja tu kwa siku! Kumbe hiyo chupa moja ndo iliyonimaliza, na sababu yake ndo hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Hesabu mara, usihesabu vijiko tu

Ukitia sukari mdomoni, bakteria wanaifanyia kazi ndani ya dakika chache na kutoa asidi. Asidi ikishusha pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka ujue asidi imezidi) kwenye uso wa jino chini ya 5.5 hivi, madini yanaanza kutoka kwenye enameli. Ukiacha kula, mate yanaanza kuizimua hiyo asidi na kurudisha madini, na hiyo kazi inachukua kama nusu saa mpaka saa nzima. Jino zima linaishi hivyo kila siku, linapoteza kidogo linarudishiwa kidogo, na hamna shida yoyote kama muda wa kurudishiwa ni mrefu kuliko wa kupoteza.

Sasa rudi kwenye ile soda yangu. Ningeinywa yote kwa dakika 10 pamoja na chakula, jino lingeshambuliwa mara moja halafu likapumzika. Nikiinywa funda kila nusu saa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa mchana, maana yake jino halipumziki kabisa, kila mate yakikaribia kumaliza kazi namwaga sukari nyingine. Sukari ni ileile, madhara ni tofauti kabisa. Hili lilionekana zamani kwenye utafiti wa Vipeholm kule Uswidi miaka ya 1940, waliokula sukari pamoja na mlo meno yao hayakuharibika sana ila waliopewa pipi za kunata katikati ya milo yalitoboka vibaya mno. (Utafiti wenyewe ulikuwa wa aibu, walitumiwa watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuwa na namna ya kukubali wala kukataa, leo hauwezi kuruhusiwa. Ila kilichoonekana ndo hicho.)

Cha kufanya: chukua siku moja ya kawaida, usijibadilishe, andika kwenye simu kila mara kitu chochote kisichokuwa maji kinapoingia mdomoni. Biskuti moja, andika. Chai ya sukari, andika. Pipi, juisi, funda la energy drink ya rafiki, andika zote na saa yake. Jioni hesabu. Wengi wanakuta mara 8, 10, na walidhani wanakula mara tatu kwa siku. Lengo ni sukari isizidi mara 4 kwa siku ukichanganya na milo, na kama una hamu ya kitu kitamu kile palepale ukimaliza kula, usisubiri saa mbili baadaye.

Kiasi nacho kina maana yake, usije ukasema nimekuruhusu. Soda ya mililita 330 huwa na gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye mwongozo wao wa 2015 walisema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, ibaki chini ya asilimia 10 ya nguvu unayopata kwenye chakula, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, na kwa mtu anayekula kalori 2000 hiyo asilimia 5 ni gramu 25. Soda moja tu umeshapita.

Mitego michache ambayo watu wanadanganyika nayo. Juisi ya matunda halisi ina sukari na ina asidi yake pia, kula tunda lenyewe. Asali ni sukari. Krispi na biskuti za chumvi zinaganda kwenye mifereji ya magego na wanga wake unageuka sukari humohumo mdomoni. Soda isiyo na sukari haiwalishi bakteria, sawa, ila asidi yake yenyewe inalainisha enameli. Na dawa za maji za kikohozi nyingi zina sukari, ukinywa usiku piga mswaki baada yake, sio kabla.

Ukishakunywa kitu chenye asidi usikimbilie mswaki, enameli iko laini wakati huo na utaikwangua. Sukutua kwa maji tu, subiri kama saa moja. Kutafuna bigijii isiyo na sukari dakika 20 baada ya kula inasaidia kwa sababu inaleta mate mengi, ila iwe kweli haina sukari.

Hatua ya 2: Mswaki na dawa, nunua vya kawaida tu

Mswaki wenye nyuzi laini na kichwa kidogo. Ule mgumu unaondoa fizi, ukoga haushindani na nguvu bwana, ni laini ule, unahitaji kufikiwa tu. Badilisha kila miezi 3, au mapema kama nyuzi zimetawanyika. Zikitawanyika baada ya wiki 3 ujue unakandamiza sana. Mswaki wa umeme ni mzuri na unasaidia wavivu, ila wa mkono ukitumika vizuri unatosha.

Kwenye dawa ya meno, kitu kimoja tu cha kutafuta: floraidi. Geuza tyubu, soma nyuma, kwa umri wako inatakiwa kati ya ppm 1350 na 1500 (ppm ni sehemu ngapi kwenye kila milioni). Floraidi inaingia kwenye enameli pale inapojirekebisha, na sehemu iliyorekebishwa nayo inavumilia asidi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Dawa nyeusi za mkaa ambazo kila mtu anazionyesha kwenye video, nyingi hazina floraidi na zinakwangua. Limau na magadi ya kusafisha meno yawe meupe, achana nayo kabisa, unayeyusha enameli halafu ndani yake kuna tabaka la njano, kwa hiyo unaishia na meno ya njano zaidi. Na enameli ikiisha hairudi.

Hatua ya 3: Namna ya kupiga mswaki (soma hii polepole)

Dawa kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho kinatosha, ule mstari mrefu uliojikunja kwenye matangazo ni wa kuuza dawa.

Usianzie meno ya mbele. Kila mtu anaanzia mbele kwa sababu ndo yanaonekana, akifika nyuma amechoka na povu limejaa. Anzia upande wa ndani wa magego ya chini, kule ulimi unapolala, sehemu iliyosahaulika kuliko zote. Laza mswaki ili nyuzi zielekee kwenye fizi kwa mshazari, nusu ya nyuzi iko kwenye jino nusu iko kwenye ukingo wa fizi, halafu tikisa kwa miondoko midogo midogo sana kama unatetemeka, meno mawili au matatu kwa wakati mmoja, hesabu mpaka kumi, sogea. Hapo pa ukingo ndo pa kusafisha, ni ule mstari ulioukwangua kwa ukucha. Ukipita katikati ya jino tu na kuuacha, basi meno yanang'aa na fizi zinavimba.

Maliza ndani yote, hamia nje, halafu nyuso za kutafunia. Kwa gego la juu la nyuma kabisa kwa nje, upande wa shavu, kuna siri ndogo: usifungue mdomo sana. Ukiuachama shavu linakaza na taya inasogea inaziba njia. Funga mdomo nusu, shavu litalegea, mswaki utaingia mpaka mwisho. Na gego ambalo ndo linaota linakuwa fupi kuliko jirani yake, mswaki ukipita kwa mbele unaruka juu yake bila kuligusa, kwa hiyo geuza mswaki uingie kutokea pembeni ya mdomo, upite juu ya hilo gego peke yake. Hili moja lingeokoa gego langu.

Dakika 2, pima na simu mara chache za mwanzo, utashangaa ulikuwa unatumia sekunde 40.

Ukimaliza tema povu, USISUKUTUE. Najua inakera, mara ya kwanza unahisi kama umeacha sabuni mdomoni, ila ukisukutua kwa maji unaiosha floraidi yote uliyoitafuta. Tema tu, tema tena, ondoka. Maji ya kusukutulia ya dukani nayo usiyatumie muda huohuo, mengi yana floraidi kidogo kuliko dawa yenyewe, kama unayapenda tumia saa nyingine ya siku.

Mara mbili kwa siku. Kama leo utafanya mara moja tu, iwe usiku, kitu cha mwisho kabla ya kulala na baada yake ni maji tu. Ukilala mate yanapungua sana, yule mlinzi wako anakuwa kama hayupo, na chochote ulichokiacha mdomoni kina saa 8 za kufanya kazi bila kusumbuliwa. Anayepiga mswaki asubuhi tu ananukia vizuri shuleni ila meno yake yanaliwa usiku. Kama usingizi unakushinda, piga mswaki mara tu baada ya chakula cha usiku, kabla hujashika simu, halafu usile tena. Kwangu hiyo ndo ilinisaidia kuliko kujiapiza.

Hatua ya 4: Katikati ya meno, na lile suala la damu

Mswaki haufiki pale jino na jino yanapogusana, na matundu mengi ya umri wenu yanaanzia hapo au kwenye mifereji ya magego. Uzi wa meno, kata kama sentimita 45, zungusha kwenye vidole vya kati, acha kipande kidogo cha kushika kwa vidole gumba. Uingize kwa kuusogeza kama msumeno, usiuangushe kwa nguvu ukachana fizi. Ukiingia, ukunje ukumbatie jino moja, pandisha shusha ukizama kidogo chini ya fizi, halafu kumbatia jino la pili kwenye nafasi ileile. Mara moja kwa siku, usiku. Kama nafasi ni kubwa, vile viburashi vidogo vya katikati ya meno ni rahisi zaidi.

Siku za kwanza damu itatoka. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaona damu wanasema nimejiumiza wanaacha pale papumzike. Ni kinyume! Fizi yenye afya haivuji damu kwa kuguswa, inayovuja imeshavimba kwa ukoga, na ukiacha kupasafisha unaulisha uvimbe. Mwaka 1965 mtafiti wa meno Harald Løe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 mpaka 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha, kwa wiki moja hivi fizi zikarudi sawa.

Kwa hiyo jipe wiki mbili za kusafisha kwa upole kila siku palepale panapovuja. Damu ikipungua siku hadi siku uko njiani. Ikiendelea vilevile baada ya wiki mbili nenda kwa daktari wa meno, huenda chini kuna ugaga, yaani ukoga ulioshika madini ukawa mgumu kama jiwe, na huo hautoki kwa mswaki hata ukisugua mwaka mzima. Atautoa kwa vifaa vyake. Wanaosema kusafishwa meno kunayalegeza wamekosea, kama jino limelegea ni ugonjwa ndo ulilegeza na ugaga ulikuwa unaficha tu.

Kuvimba kwa fizi kunapona kabisa. Ukikaa nako mpaka mfupa unaoshika jino uanze kuliwa, huo mfupa kwa kawaida haurudi wenyewe.

Hatua ya 5: Kama umefungwa waya za meno

Kazi yako ni mara mbili, pole. Ukoga unakaa kuzunguka kila kibandiko, yaani kile kipande kilichogundishwa kwenye jino kushika waya, na alama nyeupe kama chaki zinaweza kuanza kuonekana ndani ya mwezi mmoja tu, halafu siku waya zinatolewa unakuta meno yamenyooka yana madoa. Pitisha mswaki juu ya waya ukielekeza chini, kisha chini ya waya ukielekeza juu, halafu kiburashi kidogo kipite chini ya waya kati ya kibandiko na kibandiko. Pipi za kunata sahau mpaka zitoke.

Hatua ya 6: Sigara na vepu

Sigara inaharibu fizi na inaficha ushahidi, nikotini inabana mishipa midogo ya damu kwa hiyo fizi hazivuji na unadhani ziko salama. Vepu nayo ina nikotini mara nyingi na inakausha mdomo. Sina la kuongeza hapo.

Hatua ya 7: Kwa daktari omba vitu hivi kwa jina

Usisubiri maumivu. Tundu linaloanza haliumi, likianza kuuma limeshakaribia au kufika kwenye mshipa wa jino. Lile doa jeupe lisilong'aa kwenye enameli ndo mwanzo kabisa, na hapo bado linaweza kurudi kwa floraidi bila kuchongwa.

Muulize kuhusu kuziba mifereji ya magego. Anakausha jino, anapaka kitu kama gundi ya maji kinachoingia kwenye mifereji, anakigandisha kwa taa, dakika chache kwa jino, hamna sindano hamna mashine ya kuchonga. Kinga hiyo inazuia takribani asilimia 80 ya matundu kwenye magego kwa miaka 2 ya mwanzo. Wakati mzuri ni mara tu gego la pili likishatokeza vizuri, kwenye miaka 12 au 13 hivi. Muulize pia kuhusu kupakwa floraidi nzito, hupakwa mara 2 kwa mwaka au zaidi kwa wenye hatari kubwa. Mwambie dawa zote unazotumia, pampu ya pumu kwa mfano inaweza kukausha mdomo, sukutua kwa maji kila ukiitumia. Na kama una kisukari mwambie mapema, fizi na sukari ya damu vinasumbuana.

Kama huwa unatapika mara kwa mara kwa sababu yoyote ile, mwambie pia, hatakushangaa, na yeye mara nyingi anaona nyuma ya meno ya mbele kabla hujasema.

Dalili za kutosubiri

Meno ya mbele yameanza kuachana au kusogea yenyewe, au gego la kwanza linacheza ukiwa na miaka 14, 15, hata kama mdomo wako unaonekana msafi: kuna ugonjwa wa fizi unaowapata vijana unaokula mfupa kwa kasi hasa kwenye magego ya kwanza na meno ya mbele, na mara nyingi unatembea kwenye familia. Kama ndugu yako alipoteza meno mapema, sema.

Fizi katikati ya meno zimeliwa kama zimekatwa, zina utando wa kijivu, zinauma sana na mdomo unanuka vibaya mno: nenda siku hiyohiyo. Hii huwakuta watu wenye stresi, wasiolala, wavutaji, au kinga ya mwili ikiwa chini.

Uso umevimba, una homa, huwezi kufungua mdomo vizuri, au kumeza na kupumua kunakuwa kugumu: hiyo ni hospitali, dharura, hata kama ni saa nane za usiku.

Ukiwa na 17 kuendelea, gego la mwisho likitokeza nusu, kipande cha fizi kinabaki juu yake kama mfuniko na chakula kinaingia chini yake. Pasafishe kwa mswaki mdogo hata kama panauma, sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi mara kadhaa kwa siku, na kama taya inakaza au usaha unatoka nenda ukaonwe. Na usiweke kidonge cha aspirini juu ya fizi ili maumivu yaishe. Kinaunguza fizi inakuwa nyeupe na kidonda, jino linaendelea kuuma vilevile, na aliye chini ya miaka 16 aspirini hatakiwi kuitumia kabisa bila daktari kusema.